Pini Nyeupe

Lelgut, ng'ombe wetu, hapendi haraka. Ukimfikia mbiombio na ndoo anajua. Anakunja mgongo, anayazuia maziwa yake, na ukizidi kumvuta anakupiga teke la kukukumbusha sala zako zote. Tangu mwezi wa tatu Mama amepigwa mara tano. Mimi nimepigwa mara mbili, na mara ya pili niliangukia matopeni nikiwa tayari nimevaa sare ya shule.

Kogo hakuwahi kupigwa hata siku moja. Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake Baba. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika mashamba ya ngano hapa Njoro, alitoka na koti lake la zamani, akamwendea Lelgut polepole huku akimwita. Haukuwa wimbo kamili, wala hayakuwa mazungumzo. Alimtaja Lelgut, akamtaja mama yake Lelgut, kisha nyanya yake Lelgut aliyeletwa kwa miguu kutoka Bureti. Akifika kwa nyanya, maziwa yalikuwa yameshaanza kulia ndani ya ndoo.

"Ng'ombe na maneno ni ndugu," alikuwa akiniambia. "Havitaki haraka."

Kogo alifariki mwezi huo wa tatu, usingizini, bila kuugua. Baba ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa Malaba kwenye foleni ya mpakani. Alifika nyumbani siku ya pili jioni, akaketi kwenye kigoda cha kukamia na kukataa chakula. Tangu hapo, kila Jumamosi anapoliacha lori Salgaa na kuja nyumbani, huniuliza swali lile lile akinywa chai.

"Chemutai, wewe ndiye uliyekuwa ukilala naye chumba kimoja. Hebu niambie tena. Siku za mwisho alikuwa akisema nini?"

Nilimwambia niliyoyakumbuka, na kila wiki yalipungua.

"Unajua kinachoniuma?" alisema Jumamosi moja. "Nikifumba macho, uso wake nauona. Sauti siipati. Hatukumrekodi hata mara moja. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonyezo isiyorekodi, na mimi niko barabarani tu."

"Pole, Baba Chemu," Mama akasema.

Mimi niliinamia kikombe changu. Hata mimi sauti ile ilikuwa imeanza kunipotea, na niliitamani kuliko kitu chochote. Lakini kulikuwa na jambo nisiloweza kulisema pale mezani. Nilijua sauti ya Kogo ilikuwa wapi. Ilikuwa kilomita chache kutoka pale, chuo kikuu, imefungiwa. Na aliyesababisha ifungiwe ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mwaka uliopita. Mama alikuwa ameenda sokoni. Mgeni alibisha langoni, msichana mrefu mwenye miwani na mkoba mgongoni. Alituambia anaitwa Njoki, anasomea shahada ya pili, na utafiti wake ni jinsi akina mama wa zamani walivyowaita ng'ombe wakati wa kukama. Alisema mashine za kukamia zinaingia kila mahali na sauti hizo zinakwisha. Kogo alicheka sana nilipomtafsiria. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu angesomea Lelgut mpaka apewe shahada.

Njoki hakujua Kikipsigis. Mkalimani wake alikuwa ameshikwa na homa, kwa hiyo akaniomba mimi.

"Wewe utakuwa mdomo wangu na mdomo wa Kogo," aliniambia. "Kila neno. Usipunguze, usiongeze. Sawa?"

"Sawa," nilijibu. Nilikuwa nimevaa jezi. Saa nane timu yetu ya wasichana ilikuwa na fainali, na mimi ndiye niliyekuwa kipa.

Kogo alizungumza saa nzima mbele ya kinasa sauti. Alimwita Lelgut vile anavyomwita asubuhi, mpaka Lelgut akaitikia kutoka malishoni. Kisha Njoki akatoa fomu.

"Mwulize kama anakubali sauti yake iwekwe kwenye hifadhi ya chuo, watu waisikie hata miaka mia ijayo. Akikubali, nina maswali ya kumalizia, kama nusu saa. Akikataa, hakuna ubaya wowote. Nitaondoka sasa hivi."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Huko barabarani rafiki yangu Kimberly alikuwa akipiga mluzi.

Nilimwuliza Kogo. Alifikiri kwanza, kama alivyofikiria kila kitu, kisha akajibu. Neno la kwanza nililisikia vizuri: alikubali. Aliendelea kusema, lakini mimi masikio yangu yalikuwa kwenye ule mluzi.

"Anasema hapana," nilimwambia Njoki.

"Hapana?"

"Hataki. Amechoka."

Uso wa Njoki ulisinyaa, lakini hakubisha. Aliandika kwenye fomu, akaahidi kuifungia rekodi ile, akamshukuru Kogo kwa mikono miwili. Kogo alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema maneno mengine machache, polepole, akikielekea kile kinasa sauti kana kwamba ni mgeni wa pili. Sikuyasikiliza. Nilikuwa mlangoni, nafunga kamba za raba.

Tulifungwa mabao matatu kwa moja. Yote matatu yalipita katikati ya mikono yangu.

Kogo hakulitaja jambo lile tena, nami nikajiambia hakuelewa. Kiswahili chake, niliamini, kiliishia kwa "Hii ni pesa ngapi?" ya sokoni. Kisha akafa, na uongo wangu mdogo ukaanza kukua.

Mwezi wa saba Mwalimu Ndung'u alituletea habari darasani. "Ijumaa tunaenda chuo kikuu. Ni siku ya maonyesho ya utafiti. Kila mtu aje na daftari, kalamu na soksi safi. Kipngeno wa nyuma kabisa, nimesema safi."

Wenzangu walishangilia. Mimi nilikosa usingizi siku mbili.

Nilikuwa nikidhani chuo kikuu ni mahali pa kusoma vitabu vinene tu. Kumbe kila hema lilikuwa na mtu anayehangaika na swali lake. Bwana mmoja aitwaye Kimutai alikuwa amekaa akiuchunguza ugonjwa wa kutu ya ngano kwa miaka minne, na alituonyesha jani lenye unga wa rangi ya machungwa kama anayeonyesha picha ya mtoto wake. Alimsalimu kila Mkipsigis kwa lugha yetu, nasi tukamwitikia. Hema la pili walipima jinsi maji ya Ziwa Nakuru yanavyopanda na kumeza ua wa mbuga. Mama mmoja alikuwa na udongo wa Molo, wa Rongai na wa Gilgil kwenye chupa, na aliujua kwa kuunusa. Mwingine alichunguza kwa nini watoto wanaojua kuhesabu sokoni wanashindwa na hesabu zile zile darasani.

"Huyu angekuja kwetu, angenielewa," Kimberly alisema.

Halafu tukafika kwa mtafiti wa usingizi wa madereva wa malori pale Salgaa. Nilikumbuka kwamba Baba alihojiwa. Alitusimulia mwenyewe, akicheka, kwamba alijibu kuwa hulala kwa saa nane kila siku. Mama alimwuliza, "Saa nane kwa wiki?"

Hema la mwisho lilikuwa la Njoki.

Kulikuwa na ramani kubwa ya Nakuru na sehemu za jirani, imechomekwa pini. Pini nyekundu zilikuwa nyingi. Chini yake kulikuwa na hedifoni, na ukizivaa ulisikia akina mama wa Molo, wa Elburgon, wa Kuresoi, kila mmoja akimwita ng'ombe wake. Wenzangu walipokezana wakicheka. Mimi nilitafuta kijiji chetu kwenye ramani. Kilikuwa na pini nyeupe.

"Nyeupe ni nini, madam?" Kimberly akauliza.

"Ni nyumba za waliokataa sauti zao zitunzwe," Njoki alijibu. Kisha akanitazama, akatabasamu. "Wewe nakujua! Kipa wangu! Kogo hajambo?"

"Kogo alituacha," nilisema. "Mwezi wa tatu."

Tabasamu lilimtoka. Alinishika bega, akanipa pole. Nikapata ujasiri.

"Madam, ile sauti yake bado iko?"

"Iko, lakini imefungwa. Aliikataa, kwa hiyo hairuhusiwi kusikilizwa na mtu yeyote, hata mimi. Mwisho wa mwezi huu zote zilizokataliwa zitafutwa."

"Hata mimi mjukuu wake siwezi kusikia? Mara moja tu?"

"Chemutai, natamani ningeweza. Lakini alisema hapana, nami nilimwahidi. Ukimwahidi mtu kisha akafariki, huwezi kwenda kumwomba akuondolee ahadi."

Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi. Kimberly, ambaye hakujua lolote, aliniinamia sikioni.

"Mwambie alibadilisha mawazo kabla hajafa. Nani atajua?"

Hakika, nani angejua? Ulikuwa uongo mzuri, hauumizi mtu. Ungeniletea sauti ya Kogo siku hiyo hiyo, na pini yetu ingekuwa nyekundu. Nilifungua mdomo kuusema. Nikamwona Njoki ananingoja, ameinama ili anisikie vizuri, vile alivyoinama siku ile kwa Kogo. Sikuweza kumdanganya mara ya pili.

"Hakukataa," nilisema. "Alikubali. Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilitaka kwenda mpira."

Kimberly aliacha kutafuna. Njoki alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunikemea. Aliniambia tu nisimame pale pale, akaenda kumwita msimamizi wake, Daktari Waithaka, mzee mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwikoni.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho.

"Swali na jibu vyote vilirekodiwa?" alimwuliza Njoki.

"Ndiyo, Daktari. Nilizima mwisho kabisa."

"Basi ukweli uko mle ndani. Lakini hatuwezi kufungua kwa neno la mtoto, hasa mtoto aliyetuambia sasa maneno mawili tofauti." Nilitazama viatu vyangu. "Mwana wa marehemu yuko?"

"Ni Baba," nilisema.

"Aje, aandike kwa mkono wake kwamba anaomba tusikilize jibu. Na wewe ndiye utakayemwambia kwa nini. Si Njoki, wala si mwalimu wako."

Kumwambia Njoki kulikuwa kama kung'oa mwiba. Kumwambia Baba kulikuwa kitu kingine. Jumamosi alikuja amechoka, akaketi, Mama akammiminia chai, na kama kawaida akaniuliza. "Chemutai, hebu niambie tena..."

"Baba," nilimkatiza, na kumkatiza Baba si jambo la kila siku. "Sauti yake iko."

Nilimweleza yote. Sikuruka mpira, wala mluzi, wala fomu. Mama alisimama na birika mkononi. Baba alikiweka kikombe chini, akatoka nje, akaenda kusimama kando ya Lelgut mpaka giza likaingia. Nililia jikoni. Afadhali angenichapa.

Aliporudi alisema jambo moja tu. "Jumanne naomba ruhusa kazini. Tutaenda."

Chumba cha Njoki kilikuwa kidogo, na tulikaa magoti yakigusana: Baba, mimi, Njoki na Daktari Waithaka. Walihitaji mtu wa kuwatafsiria ambaye si wa familia yetu, na chuo kizima aliyepatikana asubuhi ile ni Kimutai wa kutu ya ngano. Alikuja na vumbi la ngano kwenye mikono ya koti. Baba aliandika jina lake, akatia sahihi, na Njoki akabonyeza.

Kwanza tulisikia kuku wetu. Halafu Kogo akakohoa kidogo, akamwita Lelgut.

Baba alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nilikaa tu. Nilikuwa nimeshasahau kwamba sauti ya Kogo ilikuwa na mkwaruzo pale mwanzoni, kama mlango unaofunguliwa taratibu. Nilikuwa nimesahau vile alivyolivuta jina la yule nyanya wa Bureti. Nilitamani isiishe.

Njoki aliisogeza mbele mpaka kwenye swali. Nikajisikia mwenyewe nikiuliza, haraka haraka. Kukawa na kimya cha Kogo anayefikiri. Kisha akajibu, na Kimutai akatafsiri sentensi kwa sentensi.

"Mwambie msichana huyu nakubali. Aiweke. Mwanangu Kipngetich yuko barabarani kila siku, na barabara ni ndefu. Sijui kama siku ya kuondoka kwangu atakuwa karibu. Akija akinikosa, na aje anisikie hapa. Mwambieni sikumkasirikia kwa kuwa mbali. Alikuwa akiwatafutia watoto riziki."

Hapo hapo ikafuata sauti yangu, kwa Kiswahili safi: "Anasema hapana."

Hakuna aliyenitazama mle chumbani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Lakini Kogo hakuwa amemaliza. Yalikuwa yale maneno aliyoyasema nikifunga kamba za raba. Kimutai alisikiliza, akaomba yarudiwe, kisha akatafsiri polepole.

"Mtoto huyu ana mpira miguuni. Kiswahili nakisikia kidogo, na hapana ninaijua. Sitamwaibisha mbele ya mgeni. Wewe mashine, kaa na neno langu. Atakuja kulichukua mwenyewe, siku atakapoacha haraka. Akija, msimchape."

Kisha Kogo akacheka, kile kicheko chake kifupi cha puani, na kigoda kikalia akiinuka. Sauti ikaisha.

Nililia bila kujificha. Kogo alijua. Miezi yote ile aliyoishi nami baada ya siku ile, akinifunika blanketi, akinisugua kifua nikiwa na mafua, alijua, na alikuwa akiningoja niseme. Nilichelewa.

Baba aliniweka mkono kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Watu husema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako ilikuwa ya miezi tisa, mwanangu, na mimi ndiye niliyeitembea. Kila Jumamosi nilikuwa nakuuliza alisema nini, na kumbe aliniachia ujumbe." Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini ungeendelea kunyamaza wiki mbili tu, ujumbe huo ungefutwa. Umeniletea mama yangu. Yamekwisha."

Daktari Waithaka alijikohoza. "Chemutai, humu chuoni tuna mizani ya kupima punje ya vumbi. Huyu Kimutai ana darubini ya kuonyesha ugonjwa usioonekana kwa macho. Lakini utafiti wa watu, ambao ndio kazi ya Njoki, huanza na mtu kumwuliza mwenzake swali, na huyo mwenzake kujibu kweli. Jibu la kwanza likiwa la uongo, mashine zetu zote zitautunza huo uongo, na tutaufundisha. Ulichokifanya ni kibaya. Kurudi kukirekebisha mwenyewe, wakati ungeweza kuongeza uongo wa pili ukapata unachotaka, hilo watu wazima wengi linawashinda."

Baba alikuna kidevu. Aliposimama kuaga, aliuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, yule mama anayehesabu usingizi wa madereva, ofisi yake iko wapi?"

"Mlango wa tatu. Kwa nini?"

"Kuna jibu langu nataka kubadilisha. Niliandikisha saa nane. Ni nne. Siku njema, tano."

Kimutai alicheka mpaka vumbi la ngano likamtoka kwenye koti, na hata mimi nikacheka katikati ya machozi. Njoki alinipa pini nyekundu. Nilitoa ile nyeupe, nikachomeka nyekundu kwenye tundu lile lile.

Sasa simu ya Baba ina sauti ya Kogo, na akiwa njiani husikiliza akiegesha lori. Jumamosi haniulizi tena. Huniambia yeye Kogo alisema nini.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya chuo kikuu, kabla Mama hajaamka, nilichukua ndoo na kigoda. Ukungu ulikuwa bado shambani. Lelgut aliniona, akakunja mgongo tayari. Nilisimama mbali kidogo, nikangoja. Sauti niliyokuwa nayo ilikuwa yangu, si ya Kogo. Kisha nikamwita Lelgut kwa jina lake, na kwa jina la mama yake, na kwa jina la nyanya yake wa Bureti. Sikuruka hata moja.